Nani Abaki na Mtoto? Malezi na Familia za Ndera kwa Zaidi ya Karne Moja

Mto Tana ukianza kupungua baada ya furiko, wanawake wa Ndera hawana siku za kupoteza. Tope lililoachwa na maji ndilo mbolea yao, na unyevu wake ndio mvua yao. Mpunga usipoingia ardhini katika kipindi hicho kifupi, msimu umekwenda. Basi hutoka nyumbani alfajiri na jembe begani, na mwenye mtoto mchanga humfunga mgongoni kwa mbeleko. Lakini mtoto akishajua kutambaa, mgongo haumtoshi tena. Shambani kuna jua kali, kuna nyoka, na mto uko hatua chache tu, nao una mamba. Historia ya eneo hili imelizunguka swali moja kwa zaidi ya miaka mia bila kulijibu: mama akienda shamba, nani abaki na mtoto?

Wandera ni sehemu ya Wapokomo wa juu, pamoja na jirani zao Wagwano, Wandura, Wakinakomba na Wazubaki. Vijiji vya Wandera vimepangana kando ya mto kati ya Hola na Garsen, na siku hizi wapiga kura wao wanahesabiwa katika eneo bunge la Garsen, Kaunti ya Tana River. Nyuma ya ukanda mwembamba wa mashamba na miembe huanza nyika, ambako Waorma na Wawardei huchunga ng'ombe wao. Wakulima na wafugaji hawa wameishi pamoja kwa muda mrefu, wakiuziana maziwa na nafaka, wakioana mara mojamoja, na wakipigana pale malisho na mashamba yanapogombaniwa. Wanawake wa pande zote mbili wana shida moja ya malezi, ijapokuwa kila upande umeibeba kwa namna yake.

Katika mpango wa zamani jibu lilikuwa ni watu. Nyumba ya Mpokomo haikuwa nyumba ya mume, mke na watoto peke yao. Bibi alikuwa karibu, shangazi alikuwa karibu, wake wenza walikuwepo katika baadhi ya familia, na juu ya wote hao alikuwepo binti mkubwa. Huyu ndiye aliyekuwa nguzo. Akifika miaka saba au minane alikabidhiwa mdogo wake, na kazi hiyo haikuitwa kazi. Mpunga ulipoanza kuzaa, watoto walipelekwa shambani kuamia ndege. Kaka akapanda juu ya dungu na kombeo lake, dada akakaa chini kivulini na kitoto mapajani, akimpa maji, akimfukuzia nzi na kumzuia asitambae kwenda kwenye kingo. Mama alikuwa akisikika kwa sauti, si mbali. Mkono mmoja haulei mwana, wasemavyo Waswahili, na hapa mikono ilikuwa mingi.

Hata hivyo sipendi kuusifu mpango huo kupita kiasi, maana ulikuwa na wenye nacho na wasio nacho wake. Mwanamke aliyejaliwa mabinti na mama mkwe mwenye nguvu aliweza kulima vipande viwili vitatu. Mke mgeni aliyeolewa mbali na kwao, mjane, au aliyezaa wavulana watupu, alilima kidogo na kuvuna kidogo. Utajiri wa chakula ulifuata utajiri wa walezi. Na gharama ya mpango wote ililipwa na yule binti wa miaka minane, ambaye utoto wake ulikwisha siku aliyokabidhiwa utoto wa mwingine. Hakuna aliyemwuliza.

Kuanzia mwishoni mwa karne ya 19 dini mbili ziliukwea mto na kuleta malezi ya aina mpya. Upande wa chini, Wamethodisti walifungua kituo Golbanti, na Wajerumani wa misheni ya Neukirchen wakajenga Ngao, ambako shule na tiba vilitangulia sehemu nyingine za mto. Upande wa juu, Ndera ikiwemo, Uislamu ulienea katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Mtafiti Robert Bunger aliandika tasnifu nzima juu ya kusilimu huko kwa Wapokomo wa juu. Kwa habari ya watoto, matokeo yalikuwa makubwa. Chuo cha Kurani kikawa mahali pa kwanza nje ya nyumba ambapo mtoto mdogo aliweza kuachwa mikononi mwa mtu mzima asiye ndugu yake. Mwalimu aliketi na watoto chini ya mti au barazani, wakubwa wakisoma na wadogo wakiitikia, na mzazi alitoa alichonacho: nafaka, ndizi, au jembe la siku moja katika shamba la mwalimu. Hakuna serikali iliyoandika chuo kama kituo cha kulelea watoto, lakini kwa akina mama wengi wa Ndera ndicho kilichokuwa.

Tofauti iliyoanza hapo ilidumu. Mto wa chini ulipata walimu, makarani na wauguzi mapema. Mto wa juu ulichelewa. Familia yenye mshahara huweza kumlipa mtu wa kukaa na mtoto, na familia isiyo na mshahara humtoa binti yake. Pengo la shule la karne iliyopita likawa pengo la malezi la karne hii.

Uhuru ulikuja na heshima moja ambayo kila Mpokomo anaijua. Kamati ya kutunga wimbo wa taifa iliyofanya kazi mwaka 1963, yenye Graham Hyslop, George Senoga-Zake, Thomas Kalume, Peter Kibukosya na Washington Omondi, ilichukua tuni kutoka kwa Mzee Meza Morowa Galana, mtu wa mto Tana. Tuni yenyewe ni ya wimbo ambao mama wa Kipokomo humbembelezea mtoto wake. Kila mara bendera inapopandishwa Nairobi, nchi nzima husimama wima kwa ajili ya kazi ya mlezi wa Tana. Kazi yenyewe, kwa upande wake, haikupata hata senti. Mwaka huohuo wa uhuru vilianza vita vya Shifta, vikaendelea hadi 1967, na hofu ya uvamizi ikavifanya baadhi ya vijiji vya ukingo wa mashariki vihame. Kijiji kinapohama mlezi hupotea kabla ya kitu kingine chochote: bibi hubaki alikozoea, shangazi huenda kwa wanawe, na mama mdogo hujikuta mahali pageni bila jirani wa kumwachia mtoto.

Kisha mto wenyewe ukabadilishwa. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Miji ikapata umeme, na watu wa chini wakapata mto usioeleweka. Mafuriko mawili ya mwaka, ya masika na ya vuli, ndiyo yaliyokuwa yakipanga kazi zote, na kazi zilipopangika hata malezi yalipangika: watu walijua ni majuma gani bibi aitwe kutoka kijiji cha pili. Maji yalipoanza kuja kidogo, au kutokuja, au kuachiliwa ghafla, mpango huo ulilegea. Wanawake walihamia kwenye mahindi, migomba na vibarua, kazi za kila siku zisizo na msimu. Mtoto sasa alihitaji mtu wa kukaa naye mwaka mzima.

Na ni katika miaka hiyohiyo ambapo yule binti wa miaka minane aliondoka nyumbani. Mwaka 1974 serikali ilifuta karo kwa madarasa manne ya kwanza, ingawa michango ya majengo iliwarudisha wengi nyuma. Januari 2003 elimu ya msingi ikawa bure kweli, na nchi nzima wanafunzi wakaongezeka kutoka takriban milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikafanya kuwa kosa mzazi kutompeleka mtoto shule. Yote haya ni mema, na aliyeona binti wa Ndera akisoma barua kwa sauti mbele ya babu yake asiyejua kusoma hatathubutu kusema vinginevyo. Ila waliopanga elimu hiyo walihesabu madawati na vitabu, hawakuhesabu kwamba wanamwita darasani mlezi mkuu wa taifa. Hakuna aliyetumwa kuchukua nafasi yake.

Kilichofuata kinaonekana shuleni hadi leo. Binti huandikishwa, kisha hukosa siku za kupanda. Hukosa tena siku za kuvuna. Wengine huja darasani na mdogo wao mkononi, na mwalimu mwenye huruma humwacha mtoto alale juu ya kanga nyuma ya darasa. Mwalimu asiye na huruma huwarudisha wote wawili. Kwenye daftari la mahudhurio huandikwa tu kwamba hakuja.

Kwa wafugaji mambo yamekwenda kwa mkondo wake. Mwanaanthropolojia Jean Ensminger, aliyeishi na Waorma wa upande wa Galole kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, alieleza jinsi familia nyingi zilivyoanza kukaa mahali pamoja karibu na maduka na shule, huku ng'ombe wakipelekwa mbali na wachungaji, wengine wao wa kuajiriwa. Mwenye mifugo mingi aliweza kumwajiri mchungaji. Maskini hakuwa na pa kumtoa mchungaji ila nyumbani mwake. Kwa mama wa Kiorma, kutulia mahali pamoja kulimpa zahanati na kisima, lakini kulimwondoa katika kundi la wanawake waliokuwa wakihama pamoja, wakijenga vibanda pamoja na kuangaliana watoto. Kiangazi kikizidi na maziwa yakienda na ng'ombe, yeye hubaki na watoto wadogo na wazee, bila maziwa na bila wasaidizi.

Familia nazo zimepungua ukubwa. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikadiriwa kuzaa watoto wanane maishani mwake, idadi iliyokuwa miongoni mwa za juu kabisa duniani. Utafiti wa mwaka 1989 ulipata 6.7, wa 2003 ukapata 4.9, na wa 2022 ukapata 3.4. Wastani huo umeficha nchi mbili: Nairobi ni watoto 2.5 na Mandera ni 7.7. Tana River yenyewe imeendelea kujaa; sensa ya 1999 ilihesabu watu 180,901, ya 2009 watu 240,075, na ya 2019 watu 315,943. Watu husema uzazi ukipungua mzigo wa mama hupungua. Mjini huenda ni kweli. Kijijini pasipo na kituo cha malezi, hesabu ina upande wa pili: mwenye watoto watatu wanaofuatana, wa kwanza akiwa darasa la tatu na wa pili chekechea, hana dada mkubwa wa kumwachia wa tatu. Amefanya aliyoambiwa na wahudumu wa afya, naye amejikuta na mikono michache kuliko mama yake alivyokuwa nayo.

Wanaume nao huondoka, wakitafuta kazi Malindi, Mombasa, Garissa na Nairobi. Mabinti waliomaliza shule ya msingi au ya sekondari huwafuata. Wengine walihamishwa. Hifadhi ya tumbili ya mto Tana, iliyotangazwa mwaka 1976 kuwalinda mbega mwekundu na mangabi wasiopatikana penginepo duniani, ilizua miaka mingi ya mvutano na vijiji vya ukingoni kama Baomo na Mnazini, na baadhi ya familia zikahamishiwa upande wa Kipini. Halafu damu. Mapigano ya wakulima na wafugaji ya 2000 na 2001 yaliua zaidi ya watu mia moja. Tarehe 22 Agosti 2012, kijiji cha Riketa katika delta kilivamiwa na watu wasiopungua 48 wakauawa, wengi wao wanawake na watoto. Desemba mwaka huo ikawa zamu ya kijiji cha Kipao. Waliookoka walikimbilia makambini. Huko kuna akina bibi waliojikuta mama kwa mara ya pili, na wajane wa miaka ishirini na kitu wasio na bibi. Mafuriko ya 1997 na 1998, ya 2018, na ya mwishoni mwa 2023 hadi 2024 yaliwatoa wengine majumbani na kuwaweka juu ya barabara chini ya maturubai.

Bibi ndiye aliyebaki kuwa taasisi ya malezi ya Ndera. Tangu mwaka 2018 mpango wa serikali wa Inua Jamii humlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi. Fedha hizo zilikusudiwa kumtunza yeye. Katika nyumba nyingi zinanunua unga na sabuni ya wajukuu, na malipo yakichelewa miezi miwili mitatu watoto ndio wanaojua kwanza.

Nenda sasa Garsen mjini, mwendo usio mrefu kutoka Ndera. Mwalimu wa kike aliyeajiriwa na serikali analindwa na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007: likizo ya uzazi isiyopungua miezi mitatu yenye mshahara, na kazi yake inamngoja. Akirudi kazini ana yaya nyumbani, na mtoto akifika miaka mitatu anapelekwa chekechea ya kulipia, anapata uji wa saa nne na anajifunza herufi. Mwanamke wa Ndera anayeuza ndizi mbele ya lango la shule hiyohiyo naye ni mama, naye anafanya kazi, pengine kwa saa nyingi zaidi. Hana likizo, maana sheria haimtambui kuwa mwajiriwa. Mtoto wake yuko chini ya meza, juu ya gunia, kati ya mikungu.

Na yaya wa mwalimu huyo ni nani? Mara nyingi ni binti wa kijijini, wa Ndera au wa kijiji kama Ndera. Amekuja mjini kulea kwa mshahara ambao mara nyingi haufiki kima cha chini kilichowekwa kisheria, na nyuma yake ameacha wadogo zake, pengine na mtoto wake mwenyewe, kwa bibi. Akipata wakala, atasonga mbele hadi Mombasa, na kutoka Mombasa hadi Saudia au nchi nyingine za Ghuba. Malezi yanapanda ngazi kutoka kwa maskini kwenda kwa mwenye uwezo, toka kijiji hadi mji hadi ng'ambo, na kila ngazi inayopandwa huacha mtoto chini yake. Simlaumu mwalimu, ambaye bila yaya asingefundisha. Ninachosema ni kwamba Ndera inawalea watoto wa wengine, na hakuna anayeilipa Ndera.

Hata nchi tajiri zimeshindwa kulifuta pengo hili kwa urahisi. Firmin Marbeau alifungua nyumba ya kwanza ya kulelea watoto wachanga Paris mwaka 1844, kwa ajili hasa ya wanawake maskini wafanyao kazi. Mwaka 2002, mkutanoni Barcelona, Umoja wa Ulaya uliazimia kwamba angalau asilimia 33 ya watoto wa chini ya miaka mitatu wapate nafasi kufikia 2010. Nafasi ziliongezeka katika nchi nyingi, lakini waliozitumia zaidi wakawa akina mama wenye elimu na ajira, kwa kuwa wao ndio wenye saa za kazi zinazojulikana, wanaojua fomu zijazwe wapi, na wanaoishi karibu na vituo. Kituo kilichobuniwa kwa maskini kikawafaa wenye nafuu. Kaunti inayotaka kujenga leo ingefanya vema kuanzia kwenye somo hilo.

Karibu na kwetu kuna ushahidi unaotia moyo. Korogocho, mtaa wa mabanda wa Nairobi, watafiti wa Kituo cha Utafiti wa Idadi ya Watu na Afya Afrika na wenzao wa ng'ambo waliwapa baadhi ya akina mama hati za kulipia malezi ya mchana, kisha wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2019 yalionyesha kuwa waliopewa walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa na kazi, kwa tofauti ya asilimia 8.5. Hawakufundishwa biashara wala kukopeshwa mtaji. Waliondolewa tu mzigo wa kujiuliza mtoto yuko wapi.

Uwezo wa kisheria wa kufanya jambo kama hilo Tana River upo, na wengi hawaujui. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imezikabidhi kaunti elimu ya chekechea na, kwa maneno yaliyo wazi, vituo vya kulelea watoto. Tangu ugatuzi ulipoanza mwaka 2013, kaunti zimejikita kwenye nusu ya kwanza ya jukumu hilo: madarasa ya chekechea yamejengwa na walimu wameajiriwa. Nusu ya pili imelala. Darasa la chekechea humpokea mtoto wa miaka minne na kumwachilia adhuhuri, na wakati huo mama bado yuko shambani. Mtoto wa mwaka mmoja, yule anayetambaa kuelekea kwenye kingo, hana pa kwenda kabisa, na ndiye anayemzuia dada yake asiende shule.

Kituo kinachoifaa Ndera hakitafanana na cha Nairobi. Kitafunguliwa alfajiri, si saa mbili, na kitakuwa na majuma yake ya kazi nyingi, maji yanapopungua na mpunga unapovunwa. Kitawekwa mahali pasipofikiwa na furiko. Bibi na wanawake wa kijiji watalipwa humo kwa kazi ambayo wamekuwa wakiifanya bure, wakisaidiwa na aliyesomea malezi. Si ndoto hiyo. Mwambao umeshafanya kitu cha namna hiyo: katika miaka ya 1980, viongozi wa Kiislamu wa Mombasa wakishirikiana na Wakfu wa Aga Khan, na Bi Swafiya Said akiwa mwalimu wa mwanzo, walianzisha chekechea za madrasa ambamo wanawake wa mtaani walifundishwa kuwa walimu na jamii ikawa mwenye shule. Mpango ukavuka hadi Zanzibar na Uganda. Ndera ina vyuo vyake vya Kurani, na baraza zake hukaa tupu sehemu kubwa ya asubuhi.

Kila mwaka kaunti huitisha vikao vya umma vya kujadili bajeti. Huko huzungumzwa barabara, visima, josho la mifugo na taa za mitaani, na wanaozungumza zaidi ni wanaume, kwa sababu wanawake wenye watoto wadogo hawana wa kumwachia ili wahudhurie. Wale wachache wanaofika na mtoto mgongoni wana haki ya kumwomba afisa aliye mbele afungue kitabu cha makadirio na kuwaonyesha fungu la vituo vya kulelea watoto liko ukurasa upi, na kama halipo, kueleza limekwenda wapi tangu mwaka 2013.